Maswali ya Wasomaji: Mkandaji Anayejitegemea na Wateja Wake

Barua za mwezi huu zimetoka Kigoma mjini na viunga vyake, na zote zinahusu kazi ninayoifanya mwenyewe kwa miaka mingi, kazi ya kukanda na kuchua mwili. Nimezipunguza urefu bila kugusa maana, na nimeondoa majina. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa kuwa jambo lake ninalisikia kila mara ninapokutana na wakandaji vijana, na wengi wao hulisema kwa sauti ya chini kana kwamba wao ndio wenye kosa.

Mteja wangu mkubwa ameanza kunishika mkono

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mkazi wa Mwanga. Nilijifunza masaji Dar es Salaam, nikaajiriwa huko miaka mitano katika saluni. Mwaka jana nilirudi nyumbani kumuuguza mama, nikakodi chumba kimoja na kuanza kujitegemea. Wengine ninawafuata majumbani na katika nyumba za wageni. Kwa wateja wanawake sina tatizo. Baadhi ya wanaume, wakishalala kitandani, huuliza kama kuna huduma ya ziada. Mmoja, mtu mzima anayeheshimika hapa mjini, huja kila wiki na hulipa kuliko bei yangu, lakini siku hizi ananishika mkono na kunipigia simu usiku. Nikimkataa nitapoteza sehemu kubwa ya pato langu, na ninaogopa atanichafulia jina. Nikinyamaza nitaonekana nimeridhia. Kule saluni alikuwepo meneja wa kusema na watu wa namna hii. Sasa niko peke yangu. Nifanye nini?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kumuuguza mama. Umeandika neno moja ambalo ndilo kiini cha barua yako yote, nalo ni meneja. Kule saluni ulidhani kazi yake ni kupokea fedha na kupanga zamu, kumbe alikuwa pia kinywa chako: bei aliitaja yeye, masharti aliyasema yeye, na mteja alipofika mikononi mwako alikuwa amekwisha kujua yuko mahali gani. Ulipoanza kujitegemea ulichukua mafuta, mashuka na kitanda, lakini kinywa kile hukukichukua. Wateja wako sasa wanaingia, wanavua shati na kulala kabla mtu yeyote hajawaambia lolote, na anayetaka kujaribu mipaka anaijaribu wakati wewe umesimama, mikono ina mafuta, na mlango umefungwa. Hapo kila neno utakalolisema litakuwa ugomvi. Neno lile lile, likisemwa mteja akiwa bado amekaa kwenye kiti na viatu vyake mguuni, ni taarifa ya kawaida kama ya fundi cherehani anayekueleza siku ya kuchukua nguo.

Kwa hiyo weka kiti karibu na mlango, na kila mteja mpya akae hapo dakika tano kabla hajakisogelea kitanda. Muulize anaumwa wapi na tangu lini, kama ana presha au kisukari, kama amewahi kuvunjika au kufanyiwa upasuaji, na ni dawa gani anazotumia. Kisha mweleze utakachofanya. Mimi husema hivi, na sijabadilisha maneno kwa muda mrefu: «Kaka, nitakukanda mgongo, mabega, mikono na miguu kwa saa moja. Nguo ya ndani haivuliwi, na shuka litafunika kila sehemu nisiyoikanda. Ukisikia maumivu niambie nipunguze nguvu. Huduma nyingine sitoi, na mtu akiiomba ninasimamisha kazi na fedha hairudi.» Ninayasema kwa mwanamke na kwa mwanamume, kwa sheikh na kwa padri, kwa kijana na kwa mzee niliyemwamkia shikamoo muda mfupi uliopita. Yakisemwa kwa wote hakuna anayejiona ametuhumiwa. Ukiyasema kwa yule tu unayemshuku, utakuwa umemtukana kabla hajakosea.

Kuna jambo ambalo walimu wetu wa masaji hulipita haraka, nami naona ni haki ulisikie. Mwili wa mwanamume unapolegea unaweza kuonyesha dalili ambazo mwenyewe hakuzikusudia, na mara nyingi yeye ndiye anayeona aibu zaidi. Dalili ya mwili si ombi. Ongeza mkunjo wa shuka, hamia mabegani au miguuni, usiseme kitu, na jambo hupita. Kinachokuhusu ni kauli na mkono: akitamka ombi au akikushika, rudi nyuma hatua mbili, ondoa mikono yako, umwambie kwa utulivu kwamba kazi ya leo imekwisha na unatoka ili avae. Usimalizie dakika zilizobaki kwa kumwonea haya. Ukimalizia, atakuwa amejifunza kwamba neno lako lina nafasi ya majadiliano.

Sasa huyu mzee wa kila wiki. Usisubiri alale tena kitandani ndipo umseme. Mpigie simu mchana, au mwite pale kwenye kiti mlango ukiwa wazi, na umwambie kwa heshima yake yote: «Mzee wangu, nimekuwa nikikuhudumia vizuri na ninapenda kuendelea. Wiki iliyopita ulinishika mkono, na simu za usiku zimekuwa nyingi. Hayo siyakubali katika kazi yangu. Simu ninapokea hadi saa kumi na mbili jioni, na bei ni ile ile kama ya watu wote.» Hiyo sehemu ya bei usiiache. Fedha anayoiongeza juu ya bei mwenyewe anaihesabu, na iko siku ataidai kwa namna yake. Irudishe mkononi mwake palepale, au umwambie italipia siku ijayo na uiandike daftarini mbele ya macho yake. Wewe umezoea kumwita mzee, naye ameanza kuutumia umri wake kama ufunguo. Heshima ya umri inamstahilia salamu, kiti na lugha njema. Mkono wako haumo humo.

Akirudia, usimpokee tena, na siku hiyo hiyo mweleze mtu unayemwamini: mama yako, dada yako au shangazi mwenye kauli katika familia. Unaogopa atakuchafulia jina. Basi asiwe yeye wa kwanza kusimulia. Andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa. Ikifika hatua ya vitisho au kushikwa kwa nguvu, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na Kanuni ya Adhabu, baada ya marekebisho yaliyoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inautambua unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai. Kuwa kwako mkandaji hakupunguzi hata chembe ya ulinzi huo.

Kuhusu pato sitakuficha: mwezi wa kwanza utaumia. Lakini mtu mmoja anapokuwa ameshika sehemu kubwa ya kipato chako, amekuwa mwajiri wako pasipo mkataba, na ndiyo maana kinywa chako kinakuwa kizito mbele yake. Umesema kwa wanawake huna tatizo, kisha ukapita haraka. Rudi hapo. Wauguzi wanaosimama usiku kucha, walimu, mama lishe, wanawake wanaoinama kutwa kukamua mawese, wanawake wa sokoni wanaobeba ndoo kichwani, wote hawa wana migongo na shingo zinazouma, na wengi hawajawahi kukandwa na mtu aliyesomea kazi hiyo. Katika mji wetu mwanamke akimwamini mkandaji huwaleta dada, wifi na jirani zake. Tenga siku mbili za wiki ziwe za wanawake peke yao, na uziandike kwenye kibao cha mlangoni. Kibao chenyewe kiandikwe «Kukanda misuli kwa miadi», kwa kuwa neno masaji peke yake limeshabebeshwa mambo mengi katika miji yetu, na baadhi ya wanaokusumbua waliletwa na neno hilo.

Majumbani na katika nyumba za wageni, nenda mchana, na mara ya kwanza nenda na mwenzako. Mtumie mtu ujumbe unapoingia na unapotoka, mweleze mhudumu wa mapokezi kuwa uko chumba fulani na utatoka saa fulani, na umwambie mteja kwamba umefanya hivyo. Mwanamume mgeni ambaye hujui hata mtu mmoja anayemjua, mwite aje kwako.

Wavuvi wananikopa kila mbalamwezi

*Habari za kazi, mama. Mimi ni kijana wa Kibirizi. Nilikuwa mchezaji wa mpira, nikajifunza kuwachua wenzangu, na sasa ninawachua wavuvi na wapagazi wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Shida yangu ni madeni. Wavuvi wa dagaa huja wakati wa mbalamwezi, maana ndipo wanapumzika, na husema watalipa giza likirudi. Giza likirudi, wengine hawaonekani. Ni majirani na mashemeji, kuwakatalia ni aibu. Halafu kuna mzee mmoja ameshuka juzi kwenye treni kutoka Dar es Salaam, kigimbi cha mguu mmoja kimevimba na kinamuuma. Anataka nimchue kwa nguvu mara tatu kwa bei ya mara moja. Nimpunguzie?*

Mdogo wangu, madeni tutayazungumza, lakini hilo uliloliandika mwishoni ndilo la haraka. Usimpunguzie bei na usimguse mguu huo. Mtu aliyekaa kwenye treni kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,200, miguu ikining'inia, kisha kigimbi kimoja kikavimba, kikauma na pengine kikawa na joto kuliko cha pili, anaweza kuwa na donge la damu ndani ya mshipa. Donge hilo likisukumwa kwa mikono linaweza kukatika, likasafiri na damu hadi kwenye mapafu na kumuua mtu ndani ya muda mfupi. Hatari hiyo haiko kwa wasafiri tu. Iko pia kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyefungwa plasta, mwanamke mjamzito au aliyejifungua karibuni, na mgonjwa aliyelala kitandani siku nyingi. Ukishasoma hapa, mtafute mzee huyo leo hii na umhimize aende hospitali ya Maweni au kituo chochote chenye daktari. Usimwambie kuwa ana donge la damu, kwa kuwa wewe na mimi hatujui. Mwambie kwamba uvimbe wa mguu mmoja si kazi ya mchuaji hadi daktari auone. Akiwa anahema kwa shida au kifua kinamchoma, asisubiri kesho.

Nakusisitizia hivyo kwa sababu nami nilikosea nikiwa na umri kama wako. Nilimkanda mzee mwenye kisukari, nikamwekea taulo la moto kwenye nyayo kama nilivyozoea kuwawekea wengine, nikamuuliza kama linachoma, akasema hapana, endelea binti yangu. Alisema kweli, kwani hakusikia chochote: kisukari kilikuwa kimekwisha kuua hisia za miguu yake. Nilipoinua taulo ngozi ilikuwa imeungua, na kidonda kile kilimsumbua miezi mingi. Hakunilaumu hata siku moja. Tangu hapo sitegemei jibu la mteja peke yake; kwanza ninauliza ugonjwa, ninapima taulo kwenye kifundo cha mkono wangu, na mguu wa mwenye kisukari siuwekei kitu cha moto kabisa.

Tuje kwenye madeni. Unajua kuliko mimi kwamba dagaa huvutwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, vyombo vinakaa ufukweni. Kwa hiyo mteja wako ana nafasi asipokuwa na fedha, na ana fedha asipokuwa na nafasi, na wewe umekuwa ukihangaika katikati kana kwamba ni hulka mbaya ya watu. Wengine ni wakaidi, sikatai, lakini wengi wamebanwa na kalenda ya ziwa. Igeuze kalenda hiyo. Wakati wa giza, asubuhi wanaporudi na mzigo, pita mwaloni na daftari lako, uwauzie nafasi ya mbalamwezi inayokuja kwa kulipa kabla. Mtu akilipia mara mbili mpe nafuu kidogo. Asiyelipa kabla na bado anataka kuchuliwa, akopeshwe mara moja tu, deni liandikwe mbele yake na alitie saini au dole gumba, na mara ya pili isiwepo hadi ya kwanza ilipwe. Shemeji yako ukitaka kumchua bure, mchue bure, na umwambie wazi kuwa hii ni zawadi. Kinachovunja udugu ni deni ambalo mmoja analihesabu na mwenzake anadhani ni zawadi.

Na usitegemee ziwa peke yake. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na kila aliyekuwa akiishi kwa fedha ya mvuvi aliuona urefu wa miezi hiyo. Waendesha bodaboda wa Mwanga na Gungu wanaumwa viuno mwaka mzima, mafundi ujenzi vilevile, na timu za mpira unazijua.

Jambo dogo: ukiona wateja wanalalamikia mashuka na nguo, acha kutumia mawese. Rangi yake nyekundu haitoki kwa urahisi. Mafuta ya nazi au ya ufuta yanateleza vizuri zaidi na hayaachi doa kama hilo.

Wanataka nimgeuze mtoto tumboni

*Mimi ni mkandaji wa Mwandiga. Familia moja inataka nimchue tumbo binti yao mwenye mimba ya miezi minane kwa kuwa wameambiwa kliniki kwamba mtoto amekaa vibaya. Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo. Ni sawa?*

Si sawa, usifanye. Tumbo likisukumwa kwa nguvu kondo la nyuma linaweza kubanduka, mama akatoka damu nyingi na mtoto akakosa hewa. Hospitalini madaktari wanapojaribu kumgeuza mtoto hufanya hivyo wakisikiliza mapigo ya moyo wake, chumba cha upasuaji kikiwa karibu, na wewe huna vitu hivyo. Mwambie mama wa binti kwamba kliniki imekwisha kuona tatizo na ndiyo itakayopanga mahali pa kujifungulia. Mabega na mgongo wa juu unaweza kumkanda kwa wepesi, akilala kwa ubavu, endapo mkunga wa kliniki amesema hakuna kizuizi.

Mkandaji wangu anazungumza habari za wengine

*Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Ujiji. Kuna dada huja kunikanda nyumbani kila Alhamisi kwa sababu ya magoti na mgongo, na mkono wake nimeukubali. Lakini saa nzima ananisimulia wateja wengine: nani ana kovu la upasuaji, nani amerudi kwao, nani ana mimba changa. Nimeanza kuogopa nikiwaza anachokisimulia kuhusu mimi. Nimwambie vipi bila kumvunja moyo?*

Waalaykum salaam, dada yangu. Hofu yako ni ya haki, kwa kuwa kinywa kinachokuletea kovu la jirani ndicho kinachopeleka magoti yako kwa jirani huyo. Mwambie kabla hajaanza kazi, mkiwa wawili tu: «Mwanangu, mikono yako imenisaidia sana. Ninaomba tukae kimya wakati wa kukandwa, na habari za watu wengine usiniletee, kama nami nisivyopenda za kwangu zitoke humu.» Usimwite msengenyaji. Wakandaji wengi huongea kwa kudhani kwamba mteja anachoshwa na ukimya, na huyu pengine hakuwahi kuambiwa vinginevyo.

Kwa wakandaji wanaosoma hapa ninaongeza neno. Mtu anayelala mbele yako amekuonyesha mwili ambao pengine dada zake hawajauona, na mambo unayoyajua kwa sababu hiyo si yako kuyatoa. Siri inaanzia kwenye daftari: likae kwenye kabati lenye kufuli, na katika simu yako mteja asihifadhiwe kwa jina la ugonjwa wake. Usimpige picha mteja, hata mgongo tu wa kutangazia kazi, bila ridhaa yake ya maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozipa uzito wa pekee.

Nawe, dada yangu wa Ujiji, mpe wiki tatu au nne. Akikosea mara moja mkumbushe kwa kutaja jina lake tu, ataelewa. Akiendelea, mwachishe kwa kumlipa siku hiyo bei yake kamili, na umweleze sababu halisi badala ya kusingizia safari, ili aijue kabla hajaingia nyumba nyingine.